Mrejesho: entiti ndani ya entiti kwenye XML, imekubali

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuliona swali, nina faili la XML (faili la maandishi linalopanga data kwa tegi, yaani alama za kufungua na kufunga kila sehemu) la maghala ya mkonge hapa Tanga, entiti (jina fupi linalosimama badala ya maandishi) &ghala; imebeba "Ghala la &mtaa;, &mji;" na mi nategemea "Ghala la Chumbageni, Tanga" ila naambulia "Tanga" tupu, siku tatu nahangaika nikidhani parsa (programu inayosoma XML) imeshindwa kufungua entiti za ndani. Kumbe Expat, parsa ninayotumia, inazifungua zote vizuri, ila maandishi haikupi kwa mkupuo, inakuletea kipande kipande, "Ghala la", kisha "Chumbageni", kisha koma, kisha "Tanga", na kodi yangu kila kikiingia kipya inafuta cha nyuma! Saivi navikusanya vyote naviunganisha tegi ikifungwa, safi kabisa.

Na yule mkuu aliyenitahadharisha kuhusu entiti kumi zinazotajana mara kumi kumi mpaka zinafika bilioni na memori inajaa, asante sana aisee, nilikuwa na Expat ya zamani, nimeshapandisha, maana kinga ya hilo waliiweka kwenye toleo la 2.4.0 mwaka 2021.