Chaser ya 1JZ, turbo kubwa, gia otomatiki: nichukue konveta ya stoli ngapi?

Mwisho_wa_Reli, Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Chaser JZX100, injini ni 1JZ ya VVT-i, gia boksi ni ile ile otomatiki iliyotoka nayo Japani. Mwaka jana nilitoa turbo ya kiwandani nikafunga kubwa zaidi, na tangu hapo gari lina tabia mbili. Likifika raundi 3,700 linavuta mpaka shingo inarudi nyuma. Chini ya hapo ni bajaji. Nikisimama mlimani Mwanga nyuma ya daladala, kuondoka ni kujikokota, bodaboda wananipita wanacheka.

Muuza spea ana toki konveta tatu (kile kidude cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi otomatiki): stoli ya raundi 2,400, 2,800 na 3,500. Washikaji wote wanasema 3,500 ndiyo ya wanaume. Ila gari ni la kila siku, nampeleka nalo mama Ujiji, na mara mbili kwa mwezi naenda Kasulu. Nichukue ipi?

Dogo_Kibirizi

3,500 kaka, unauliza nini tena? Turbo inaamka 3,700, konveta inakufikisha mlangoni. Hesabu ya darasa la pili.

Fundi_Ipuli, Tabora

Mdogo wangu, hesabu hiyo ya darasa la pili niliipiga mwenyewe kwenye Mark II yangu, ikanila gia boksi nzima.

Nyie watu wa ziwani mtanielewa haraka. Funga boti ya injini kwenye kigingi hapo Kibirizi, halafu vuta moto mpaka mwisho. Boti haiendi, pangaboi inakoroga maji, raundi zinapanda mpaka maji yanakataa. Pale zilipogota ndiyo stoli. Kwenye konveta, badala ya ziwa kuna mafuta ya gia. Sasa weka injini yenye nguvu zaidi kwenye pangaboi ile ile: itagota juu zaidi. Kwa hiyo 2,800 iliyoandikwa kwenye boksi si namba ya konveta peke yake, ni ya konveta pamoja na injini waliyoipimia. Kwenye gari lako, turbo ikianza kupuliza ukiwa umekanyaga, stoli inaweza kufika 3,100 au 3,200 bila kukuomba ruhusa.

Halafu jiulize, boti iliyofungwa nguvu zake zinaenda wapi? Zinapasha maji. Ziwa halichemki, lakini zile lita chache za mafuta kwenye gia boksi yako zitachemka.

Mimi niliweka 3,500. Tabora mpaka Nzega ni tambarare, nilijiona mfalme. Siku nimekuja huko kwenu msibani, milima ya baada ya Uvinza nikaipanda nyuma ya malori. Mwendo mdogo, ile klachi ya ndani ya konveta, inayozuia kuteleza ukikimbia, haijafunga, raundi hazishuki 3,000, gari lenyewe linatambaa. Nilipofika nikachomoa kijiti cha mafuta: rangi ya kahawa, harufu ya maharage yaliyoungua. Kurudi Tabora nilirudi na treni.

Ujue pia kwamba 1JZ ya VVT-i ikiwa na turbo yake ya kiwandani inatoa toki yake kubwa, yaani nguvu ya kuzungusha, kwenye raundi 2,400 tu. Umeihamisha wewe kwa turbo kubwa, ndiyo maana konveta ya zamani inakuacha shimoni. Shimo ni la kweli, sikukatalii. Ila hulizibi lote kwa konveta.

Kabla hujatoa hela, pima uliyonayo. Mafuta ya gia yawe yamepata moto, breki ya mkono juu, magogo mbele na nyuma ya matairi, mbele ya gari asisimame mtu. Mguu wa kushoto kwenye breki, weka D, kanyaga moto mpaka chini, soma raundi, achia. Usizidishe sekunde tano, na usirudie kabla hujaiacha ingurume kwenye N dakika moja mbili ipoe. Matairi ya nyuma yakianza kuzunguka, acha hapo hapo. Mimi nilisahau magogo, gari likabusu mwembe. Na Tabora kila mwembe una mwenyewe.

Mwisho_wa_Reli

Nimepima jana jioni, fundi. 2,250 mara mbili, imetulia pale pale. Mama alikuwa dirishani anauliza kama nimegombana na gari.

Fundi_Ipuli

Mpe mama shikamoo yangu. Gia boksi yako ni nzima. Ingepanda sana ningesema klachi zinateleza, na hapo konveta mpya ni kumvika maiti suti.

Chukua 2,800. Hiyo 2,400 hutaona tofauti ya maana na uliyonayo. Hela inayobaki nunua rejeta ndogo ya mafuta ya gia, ifungwe mbele penye upepo, pamoja na geji ya joto. Ikisoma nyuzi 120 kwenye mlima wa Kasulu, paki, kunywa chai, iache injini ikiwaka kwenye N.

Na fundi wako akifunga, msimamie kichwani. Amimine mafuta ndani ya konveta kwanza, kisha aisukume huku anaizungusha mpaka izame kwa hatua, utasikia "tok" zaidi ya mara moja. Gia boksi ikutane na injini kwa kusukumwa na mkono. Ukiona anatumia bolti kuivuta iingie, mkamate mkono: pampu ya mafuta ndiyo inavunjika hapo.

Dogo_Kibirizi

Fundi, nimesoma yote kimya kimya. Nina 3,500 mpya ndani ya boksi, haijafungwa. Hutaki kuinunua?

Fundi_Ipuli

Ninayo moja tayari, iko uvunguni mwa kitanda.