Eti huduma ya afya ya Uingereza "ILIKUJA YENYEWE"? Huyu jamaa atuombe radhi

Mzee wa Muswada (mleta mada)
Wakuu, simtaji, mnamjua. Yule wa tai na grafu. Jana kaulizwa swali dogo tu: vyama vya siasa vimemletea nini mtu wa kawaida? Akacheka. AKACHEKA! Kisha akasema matibabu ya bure Uingereza "yalikuja yenyewe, nchi ilipokomaa".

Yalikuja yenyewe! Kama magugu! Hospitali zimeota usiku watu wamelala!

Ripoti ya Beveridge, iliyopendekeza matibabu kwa wote, ilitoka Desemba 1942. Watu wakapanga foleni kuinunua, lakini karatasi haitibu mtu. Chama cha Labour kikashinda uchaguzi Julai 1945, viti 393, mwanachama wake Bevan akapewa wizara ya afya. Muswada wake Wahafidhina wakaupigia kura ya hapana kwenye kusomwa mara ya pili, wakarudia mara ya tatu. Ukapita 1946 kwa sababu wenye viti walikaa vitini. Februari 1948 madaktari nao wakapiga kura yao, wengi mno wakagoma kujiunga. Bevan alikuwa ameshawalegezea madaktari bingwa, wabaki na wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma. Akalegeza tena kwa madaktari wa kawaida. Milango ikafunguliwa 5 Julai 1948. Hapo "yenyewe" iko wapi?

Tawi la chama hukusanya kero, mkutano mkuu huzigeuza ilani, ilani huwa muswada, mnadhimu, yule msimamizi wa kura za chama bungeni, huhesabu vichwa. Ukitoa mnadhimu, wazo lako litabaki semina hadi kiama. Na mtu anacheka!

Mama Kanuni
Nakazia. Seneti ya Marekani 1964, muswada wa haki za kiraia uliganda siku 60 za kazi, wapinzani wakihutubia tu. Kufunga mjadala kulitaka kura 67. Zikapatikana 71: Democrat 44, Republican 27. Democrat 23 walikataa, wengi wao wa Kusini. Watu waliandamana, wakafungwa, wakauawa ili muswada ufike pale. Lakini ndani ya ukumbi kuna mtu alizihesabu zile 27 moja moja.

Pweza Nchi Kavu
Mleta mada umepaniki, punguza herufi kubwa. Beveridge mwenyewe alikuwa Mliberali, hakuwa Labour. Na Ujerumani bima ya afya ya wafanyakazi ilianza 1883 chini ya Kansela Bismarck, ambaye wajamaa hakutaka hata kuwasikia.

Karani Mkuu
Pweza, malizia hadithi. Mwaka 1878 Bismarck alipiga marufuku mikutano na magazeti ya wajamaa. Wagombea wao wakaendelea kuchaguliwa. Ndipo akaleta bima, awanyang'anye wafuasi. Chama kikiwa kifungoni kilimtoa jasho namna hiyo.

Kadi Namba Moja
Mnagombania ya 1883 wakati ugonjwa wa vyama vyetu ni WAJUMBE wanaochagua wagombea. Mtu anayejua kuandika muswada anaangushwa kura za maoni na mwenye bahasha. Wapiga kura mia mbili, ukumbi mmoja, siku moja: kuwanunua ni kazi ya asubuhi. Wapige wanachama wote, bahasha zitamwishia.

Karani Mkuu
Wanachama wote kwa daftari lipi la majina? Wiki ya mwisho kadi zitachapwa kama vipeperushi. Lifungwe miezi sita kabla, majina yabandikwe tawini, pingamizi zisikilizwe hapo hapo. Bila hivyo umehamisha rushwa kutoka ukumbini kwenda kwa mchapaji.

Mama Kanuni
Na orodha ya wagombea je? Mnajaza wanawake nusu, wote mkiani, halafu mnapiga makofi. Uwiano bila nafasi ni danganya toto. Social Democrats wa Sweden mwaka 1994 walipanga mwanamke, mwanamume, wakipishana kuanzia juu. Wanawake bungeni wakafika asilimia 40.

Mzee wa Muswada
Wakuu, turudini kwenye mada. KACHEKA. Kasema yalikuja yenyewe!

Pweza Nchi Kavu
Tumeshasikia, mzee, mara ya tano sasa. Karani, hizo pingamizi anasikiliza nani? Maana katibu wa tawi ndiye anayeuza kadi.

Kadi Namba Moja
Hapo ndipo penyewe. Katibu asiguse daftari kabisa, apewe mtu wa tawi jingine.

Karani Mkuu
Wa tawi jingine naye ana mgombea wake. Nakala mbili, kila upande ushike yake, zisomwe pamoja kwa sauti.