Naomba ushauri: mwani wa nywele hauishi kwenye tangi la maji ya bahari

Hamjambo ndugu zangu. Nina tangi la lita 200 hapa Mombasa, lenye mawe ya matumbawe, samaki 4 na matumbawe laini machache. Mwani wa kijani, ule mrefu kama nywele, umefunika mawe miezi 3 sasa. Joto nyuzi 28, uzito wa maji (kipimo cha chumvi) 1.025, naitreti miligramu 5 kwa lita, fosfeti 0.03. Vipimo hivi viwili vya mwisho siviamini, maana mwani wenyewe hunyonya virutubisho kabla sijavipima.

Nimeung'oa kwa mkono, nimesugua mawe kwa mswaki nje ya tangi, taa nimepunguza kutoka saa 10 kwa siku hadi 6, na kila wiki nabadilisha lita 40. Maji nayachota Nyali bahari ikijaa, kamwe si baada ya mvua. Yanayopungua kwa joto nayafidia kwa maji ya kisima, na hayo ndiyo ninayoyashuku.

Je, kisima chaweza kulisha mwani kiasi hiki, au ni fosfeti iliyojificha ndani ya mawe? Na nikitia chembechembe za oksidi ya chuma, zile zinazonyonya fosfeti, kwenye kichujio, nianze na gramu ngapi ili matumbawe yasidhurike?