Kiungulia: dawa ya maji, famotidini au omeprazoli?

Dereva_Malaba
Salamu ndugu zangu. Naendesha lori Malaba hadi Kampala. Nakula usiku, nalala muda huo huo kwenye kabini, kisha asidi inapanda hadi kooni na mdomo unakuwa mchungu. Famasi moja inanipa dawa nyeupe ya maji, nyingine famotidini, nyingine omeprazoli. Mliotumia, zinatofautianaje?

MamaSwabra_Arua
Pole kaka. Mimi natumia ya maji, magnesiamu trisiliketi. Inatuliza haraka kwa sababu inaizima asidi palepale tumboni, ila haikai. Nikila nyama na pilipili, baada ya muda moto unarudi. Ukizidisha, magnesiamu inaharisha. Bei yake ni nafuu, na kwa kiungulia cha mara mojamoja inatosha kabisa. Kwako wewe unayelala umeshiba, jaribu Gaviscon: ina dutu ya mwani inayoelea juu ya chakula na kuzuia kisipande.

Sista_Mbale
Mama Swabra amesema vizuri. Ya maji inazima asidi iliyokwisha kutoka. Hizo nyingine mbili zinapunguza inayotengenezwa. Famotidini huanza kazi ndani ya saa moja hivi na hudumu saa 10 hadi 12, kwa hiyo inafaa kabla ya mlo unaojua utakusumbua, au usiku. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unaizoea na nguvu inapungua.

Omeprazoli ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo inayomezwa vibaya kuliko zote. Inafunga pampu za asidi zikiwa kazini, na pampu huamka tunapokula. Basi meza nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi. Watu wanashiba posho, kifua kinawaka, ndipo wanaitafuta, halafu kesho wanasema ni feki! Inahitaji siku 1 hadi 4 kufikia nguvu kamili. Kama kiungulia kinakujia siku nyingi za wiki, hiyo ndiyo yako: miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa wiki chache, kisha uonwe tena.

Fundi_Jinja
Na ranitidini? Mzee wangu aliipenda sana.

Sista_Mbale
Aiache. Vidonge vilikutwa na NDMA, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani, na Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka yote yatolewe sokoni. Famotidini ni ya kundi lilelile lakini haina tatizo hilo.

Msomaji_Kisenyi
Sista, mimi niko kwenye TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri. Nachagua ipi?

Sista_Mbale
Asante sana kwa kuuliza, maana dukani hawakuulizi. Magnesiamu na alumini za dawa ya maji hushikana na dolutegraviri, isiingie vizuri mwilini. Meza TLD saa 2 kabla ya dawa ya maji, au saa 6 baada yake. Omeprazoli na famotidini haziigusi dolutegraviri. Ila aliye kwenye atazanaviri, dawa nyingine ya VVU, asianze omeprazoli kabla ya kuongea na kliniki yake; inaweza kuidhoofisha sana.

Dereva_Malaba
Mgongo ukiuma huwa nameza diklofenaki. Ina uhusiano?

Sista_Mbale
Mkubwa, ndugu yangu. Diklofenaki inachubua ukuta wa tumbo na kuleta vidonda. Mwambie daktari akutulize mgongo kwa njia nyingine, na upimwe kwa choo bakteria wa H. pylori, ambao nao huleta vidonda vya tumbo. Kipimo hicho kifanywe kabla hujaanza omeprazoli, au uiache wiki 2 kwanza, la sivyo kinaweza kudanganya. Ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, chakula kikakwama kooni au ukakonda bila sababu, usinunue kidonge tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

MamaSwabra_Arua
Na kuacha omeprazoli je? Dada yangu kila akiiacha kiungulia kinarudi kwa hasira.

Sista_Mbale
Kama aliitumia muda mrefu, pampu zikifunguliwa tumbo hutoa asidi nyingi kuliko zamani kwa wiki kadhaa. Hiyo haimaanishi ugonjwa umerudi. Apunguze polepole akielekezwa, na siku zinazowaka sana ajisaidie na ile yako ya maji.