Mhusika gani wa filamu ulimchambua haiba yake ukajikuta umejichambua mwenyewe? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo wengi wetu tunalifanya kimyakimya: filamu imeisha, taa zimezimwa, wewe umelala macho unampa mhusika herufi zake nne za MBTI, ule mfumo wa kugawa watu katika aina za haiba. Huyu INTJ. Hapana, ISTJ. Leo tuliweke mezani. Ombi langu ni moja: usilete herufi bila tukio. Tuambie ni tukio lipi lililokufanya useme hivyo, na lilikugusa wapi.

Naanza mimi. Wangu ni Michael Corleone wa The Godfather ya mwaka 1972, mtoto wa mkuu wa familia ya mafia.

Mnalikumbuka tukio la hospitali? Baba yake amelazwa hoi, walinzi wameondolewa, wauaji wako njiani. Michael anasimama mlangoni na Enzo, mwoka mikate aliyekuja tu kumjulia hali mzee, maua mkononi. Wanajifanya wana bastola makotini. Gari linafika, linasimama, waliomo wanawatazama, linaondoka. Enzo anatoa sigara lakini kuiwasha kunamshinda, mikono inamtetemeka vibaya. Michael anakichukua kiberiti cha gesi, anamwashia. Halafu anatulia sekunde chache akiuangalia mkono wake mwenyewe. Umetulia tuli.

Usiku baba yangu alipozidiwa, mimi ndiye niliyejaza fomu. Nilimuuliza daktari maswali, nikaandika majina ya dawa kiganjani kwa sababu sikuwa na karatasi, nikapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja. Wenzangu walilia, mimi sikulia. Wiki iliyofuata nikasikia shangazi akisema nina moyo wa jiwe. Neno hilo nimetembea nalo miaka. Nilipofanya jaribio la haiba nikapata INTJ, niliisoma ile T (ya "thinking", kufikiri) kama hukumu: shangazi alisema kweli.

Tukio lile ndilo lililonirudisha nikasome upya. Katika mfumo huo wa Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, T na mwenzake F (ya "feeling", hisia) hazipimi nani ana hisia na nani hana. Zinaeleza unapoamua unaegemea nini, hoja au mahusiano. Dakika chache kabla ya kusimama pale mlangoni, Michael alimwinamia baba yake kitandani akamwambia kwamba sasa yuko naye. Mkono uliotulia na mapenzi yale ni vya mtu mmoja.

Karibuni.

#2

Pole kwa yaliyokupata, mleta mada.

Mimi na mume wangu tumebishana juu ya huyuhuyu Michael wiki nzima. Yeye anasema INTJ, mtu anayeona hatua kumi mbele. Mimi nasema ISTJ, kwa sababu kila anachojenga anakijenga juu ya misingi aliyoikuta kwa baba yake: utaratibu ule, viapo vilevile, kiti kilekile.

Ila tulipofika tukio la mkahawani, sote wawili tulinyamaza. Ameelekezwa vizuri kabisa: chukua bastola nyuma ya tangi la choo, toka, piga palepale. Anatoka, na badala ya kupiga, anarudi kuketi. Anakaa. Macho yanahama huku na huku, mlio wa treni unapanda, Sollozzo, adui anayetakiwa kupigwa, anaongea na wala hasikilizwi. Nimetafuta herufi ya kueleza kule kukaa, sijaipata. Pale ni mtu anayaaga maisha aliyokuwa nayo.

Mume wangu akaniambia polepole, "Nilikaa hivyohivyo ndani ya gari siku niliyokwenda kuacha kazi. Barua mfukoni, saa nzima." Tuna miaka kumi na moja ya ndoa, na mimi nilishamwandika kuwa mtu wa mipango asiyeyumba. Hiyo saa nzima ndani ya gari sikuwahi kuisikia.

#3

Mimi wakuu nilishahama kwenye herufi, niko kwenye namba. Eniagramu ina aina tisa, na kwa sura tunayoitumia leo imetokana sana na kazi ya Oscar Ichazo na Claudio Naranjo. Ninachoipendea ni kwamba haiulizi kwanza unafanya nini, inauliza unaogopa nini. Watu wawili wanaweza kuwa wakimya sawasawa, mmoja anaogopa kukosea, mwingine anaogopa kuingiliwa.

Sonny, kaka yake Michael, ni Nane, mtu wa kupambana anayeogopa kutawaliwa, sioni hata pa kubishana. Michael kwangu ni Tano. Angalieni harusi ya dada yake: amekaa pembeni na mpenzi wake Kay, anamweleza familia yake kama mtu anayeeleza nchi aliyowahi kuitembelea. Tano hujilinda kwa kusimama kando na kujua mambo, maana anaogopa dunia itamwelemea.

Lakini kilichonipata mimi kiko sehemu ya pili, ile ya 1974, karibu na mwisho. Ndugu wako mezani wakimngoja baba wamshtukize siku yake ya kuzaliwa. Michael anawaambia kwamba amejiandikisha jeshini. Sonny anawaka. Mmoja tu ananyoosha mkono kumpongeza, naye ni kaka yake mwingine, Fredo. Baba anafika, wote wanakimbilia mlangoni, Michael anabaki mezani peke yake. Na sisi watazamaji tunajua tayari kwamba Michael huyu ndiye aliyeamuru Fredo auawe.

Nilisimamisha filamu hapo. Nilipotangaza nyumbani kwamba sitafuata njia niliyopangiwa, meza ilikuwa hivyohivyo. Aliyeinuka kunishika mkono ni kaka yangu mmoja, yule tuliyezoea kumwona hana lake. Na kaka huyo nilikuwa sijampigia simu miaka mitatu, kwa ugomvi ambao ukiniuliza chanzo chake nitababaika. Nilikuwa nimejiambia kwamba Tano ndivyo tulivyo, tunahitaji nafasi yetu. Nafasi gani ya miaka mitatu, jamani?

#4

Naomba mnivumilie, wangu ni wa katuni. Elsa wa Frozen, 2013, binti wa kifalme mwenye nguvu za barafu asizoweza kuzizuia.

Binti yangu ana miaka tisa. Tangu akiwa na minne nimekuwa nikiwaambia watu, "Huyu introvati kama mimi, mwacheni." Shughuli za watoto hataki, sawa. Anajifungia chumbani, sawa. Nilijiona mama mwelewa, na nilikuwa na Elsa wa kunipa ushahidi: mlango umefungwa, mdogo wake anabisha hodi, hafungui. Introvati mwenzetu.

Tumeitazama tena mwezi uliopita. Tukafika siku ya kutawazwa. Elsa inabidi avue glavu, ashike fimbo na tufe la kifalme mbele ya watu. Anavua, anashika, na ukungu wa barafu unaanza kutambaa juu ya dhahabu pale vidole vilipogusa. Anavirudisha upesi, anazivaa glavu. Binti yangu akasema, bila hata kunitazama, "Mama, hapendi kuwa peke yake. Anaogopa."

Sikulala vizuri. Introvati akikaa peke yake anapumzika, anatoka na nguvu mpya. Mwenye hofu akikaa peke yake hapumziki, anasubiri tu hatari ipite. Kwa nje mlango umefungwa vilevile! Herufi nne hazina pa kuiweka hofu. Mfumo wa Sifa Kuu Tano, ambao watafiti wa saikolojia wanautumia zaidi, unavipima mbali: uchangamfu na watu una kipimo chake, wasiwasi una chake, na kila kimoja ni cha kiwango, si cha ndiyo au hapana. Mtu anaweza kupenda sana watu na bado akatawaliwa na wasiwasi.

Siku ya tatu nilimuuliza anaogopa nini. Ilichukua muda. Watoto darasani walimcheka alivyosoma kwa sauti, mwaka juzi. Mwaka juzi! Na mimi nikiwaambia watu mwacheni.

#5

#4 umenigusa sana dada, mkumbatie mtoto.

Wanaotuona tunacheza kitoto niwakumbushe kwamba Carl Jung mwenyewe, daktari wa akili ambaye mawazo yake ndiyo yaliyozaa herufi hizi, katika kitabu chake cha aina za haiba cha mwaka 1921, alitenga sura nzima kuchambua Prometheus na Epimetheus wa mshairi Carl Spitteler. Na Isabel Myers aliandika riwaya ya upelelezi kabla hajaandaa lile dodoso la MBTI. Wahusika wa kubuni wamo kwenye jambo hili tangu mwanzo.

Mimi ni mwandishi wa michezo ya redio. Niliwahi kuanza na herufi kabla ya mtu: nikaandika ENFP, ile aina ya mtu mchangamfu mwenye mawazo mengi, juu ya ukurasa, nikamjenga mhusika chini yake. Akafa mikononi mwangu. Kila nilipomtia kwenye shida alifanya kile ENFP anachotakiwa kufanya. Siku hizi najiuliza anaficha nini na anamficha nani. Herufi nikizitaka nazitafuta baadaye, kukagua tu kama hajigongi bila sababu.

Mleta mada

Nimesoma zote. #3, umempigia kaka? Tuambie.

#4, maneno yako yamenifanya nikumbuke kitu ambacho sikukiandika juu pale, na sidhani nimewahi kumwambia mtu. Usiku ule mikono haikutetemeka, ni kweli. Ilitetemeka siku ya tatu asubuhi, nikiwa peke yangu mbele ya kioo nafunga vifungo vya shati. Kifungo cha pili kilinishinda. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda na shati wazi mpaka mtu akaja kuniita, nikamjibu kwamba natafuta viatu.

Anayefuata, karibu.