Hivi aliyechora hii hospitali amewahi kusukuma machela hata siku moja?

Wakuu, nina hasira, nivumilieni. Mama yangu kavunjika nyonga, leo siku ya nne yuko wodini kwenye hospitali moja ya chuo kikuu hapa Dar. Siitaji jina, mgonjwa wangu bado yuko mikononi mwao. Kwa nje utadhani uwanja wa ndege: vioo juu mpaka chini, mapokezi yana dari ya ghorofa tatu, vigae vinateleza kama sabuni.

Juzi kaandikiwa picha. Wodi iko ghorofa ya sita, mashine iko chini, tena jengo la pili. Lifti nne, zinazofanya kazi mbili, na hizo hizo ndizo za wagonjwa, wageni, masufuria ya uji na takataka za wodini. Nimesimama na machela dakika 25. Mlango unafunguka, watu wamejaa, unafunga. Ikaja yenye nafasi, machela haienei! Nesi akasema, "Kaka, tumwinue kichwani kidogo." Mtu wa nyonga mnamkunja ili aenee kwenye lifti? Mama alivyolia, mpaka muuguzi mwenyewe aligeuza uso.

Nikauliza rampu, ile njia ya mteremko ya kusukumia machela, iko wapi. Haipo. Najua rampu inakula nafasi, kupanda mita 1 kunataka kama mita 12 za urefu. Lakini nafasi ya ule ukumbi wa mapokezi ilipatikana, si ndiyo?

Halafu hewa. Madirisha ni vioo vya kudumu, hayafunguki. Kiyoyozi kimekufa tangu tulazwe, kwa hiyo vitanda 8 vinachemka kama chungu, na jirani yetu anakohoa usiku kucha. Miongozo ya WHO ya mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili inataka lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi ya kawaida. Sisi tunapepea na bahasha ya eksirei. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road hapa hapa Dar mwaka 1897 wakaweka baraza zinazotazama bahari, upepo unapita wenyewe. Hapo Rwanda tu, hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011, wamelaza wagonjwa wakitazama madirisha, korido wakazitoa nje ili watu wa TB wasibanane ndani na wengine. Hiyo iko kijijini milimani, sisi tuko mjini na mabilioni yetu.

Na eti ni hospitali ya kufundishia. Asubuhi daktari bingwa anakuja na wanafunzi kumi na kitu, kati ya kitanda na kitanda hapapiti watu wawili. Nusu wanabaki mlangoni, kwa hiyo bingwa anapaza sauti. Habari za choo cha mama yangu zimesikika mpaka kwa muuza vocha! Siwalaumu vijana, wangesimama wapi?

Ndugu wa wagonjwa ndio usiseme. Tunakula kwenye ngazi, mlinzi anatufukuza, tunapanda ghorofa ya juu, anatufuata.

Kesho saa mbili asubuhi tunashuka tena, picha ya juzi eti haikutoka vizuri. Kama kuna msanifu majengo humu ndani, aje tu, nitamshikisha upande wa miguuni.