Nimekabidhiwa pikipiki ya ofisi na sijawahi kuendesha. Mafunzo na mtihani wa leseni vikoje?

Ugani_Isongole:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa ugani, kata yangu iko huku juu Isongole, Rungwe, na wakulima wangu wengi ni wa viazi mviringo. Mwenzangu aliyekuwa na pikipiki ya ofisi, moja ya zile walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022, amehamishwa. Mkuu wa idara kasema sasa ni yangu. Funguo ninayo, leseni sina, na sijawahi kuendesha chombo chochote cha moto, hata bajaji.

Kila ninayemuuliza ana lake. Kijana wa bodaboda kituoni anasema jioni mbili zinatosha, twende tukazunguke uwanja wa shule. Mwingine kanipigia simu kabisa kunieleza kwamba nikitoa hela leseni itakuja yenyewe, chuo nikiache. Hilo sitaki. Njia zangu ni za udongo, mvua ikianza Novemba haziachi kulowa mpaka Mei, na ukungu ukishuka mchana huoni hata nyumba ya jirani. Nyuma nitakuwa nimefunga bomba la kupulizia dawa.

Naomba kujua mafunzo ya kweli yanagusa nini, na siku ya mtihani mtu anapimwa nini. Jambo jingine, mimi ni mfupi na pikipiki yenyewe ni ndefu, ile ya njia mbovu. Nikikaa, vidole tu ndivyo vinafika chini.

Boda_NaneNane:

Dada, pole na majukumu. Mimi ndiyo kazi yangu, niko kijiwe cha Nane Nane hapa Mbeya. Huyo kijana hakudanganyi kwamba utaondoka kwa jioni mbili. Kuondoka ni rahisi. Kusimama ndiyo shughuli, na hilo kwa jioni mbili halifundishwi na mtu yeyote. Pia usijifunze kwetu, nakuambia kwa nia njema. Tuna mazoea yetu ya kuchomekea, ya kuendesha klachi ikiwa imebanwa nusu, ya kupita kushoto kwa lori linalokata kona. Mtu mgeni anayabeba yote akidhani ndiyo udereva. Nenda chuo.

Mwalimu wa Soweto:

Mdogo wangu, hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kuikataa leseni ya mkato. Nafundisha udereva hapa Mbeya, gari na pikipiki, na hili la pikipiki linaniuma kwa sababu watu wamelidharau sana. Kijana atakaa chuoni wiki nyingi kwa ajili ya gari, lakini pikipiki anaonyeshwa na binamu yake Jumapili, Jumatatu yuko barabara kuu ya Tunduma katikati ya malori.

Karatasi nizimalize haraka. Uwe na kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN. Utachukua leseni ya kujifunzia, ile wanayoiita lena. Hiyo ni ya kujifunza na mwalimu, siyo ya kubeba abiria wala ya kwenda Kiwira peke yako. Utasoma kwenye chuo kilichosajiliwa, cha binafsi au VETA, upewe cheti, ndipo upimwe na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Ukifaulu unakwenda TRA, unalipia, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni inadumu miaka mitano. Kabla hujajaza fomu soma kadi ya pikipiki: injini inayozidi sisi 125 (cc, yaani ujazo wa injini) ni daraja A, ndogo ya hapo ni A1. Daraja B la gari halikupi ruhusa ya pikipiki, na watumishi wengi wanaona haya kuuliza hilo.

Sasa kujifunza kwenyewe. Kwangu siku ya kwanza injini haiwashwi. Unaisukuma imezimwa, unaizungusha uwanjani, unaiinamisha kidogo huku na huku mpaka mwili wako ujue uzito unakimbilia wapi. Unaiweka kwenye stendi na kuitoa. Unailaza chini na kuinyanyua kwa mgongo ulionyooka, ukitumia miguu. Wewe utakuwa peke yako porini na bomba la dawa, lazima uweze kuinyanyua.

Ikiwaka, tunatafuta pale klachi inapokamata, tena na tena, bila kugusa mafuta. Kisha mwendo wa taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, kwenye mstari ulionyooka, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kidogo. Kila mtu hunyooka pikipiki ikiwa kwenye kilomita arobaini kwa saa. Ikiwa kwenye tano ndipo utamjua anayeijua klachi yake. Baada ya hapo ni kupita katikati ya koni, kisha kuzunguka kwa umbo la namba nane, kisha kugeuza kwenye upana wa barabara bila kushusha mguu.

Gia nazo uziangalie sana. Pikipiki nyingi za bodaboda gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele: moja, mbili, tatu, nne. Hizi ndefu za njia mbovu, moja iko chini, zilizobaki unainua kwa ncha ya kiatu. Mtu aliyejifunzia ya bodaboda akipanda yako, akitaka kuongeza gia atakanyaga, na badala ya kuongeza atapunguza akiwa kwenye kasi. Tairi la nyuma linakaba, pikipiki inakata kiuno. Kwa hiyo jifunzie kwenye pikipiki yenye mpangilio huohuo wa gia kama yako, mwambie hivyo mwalimu yeyote utakayempata.

Breki. Vijana wengi huku wanaiogopa ya mbele, wameambiwa itawarusha. Inakurusha ukiikaba kwa ghafla, au ukiwa umeinama kwenye kona, au juu ya changarawe. Ukiwa umenyooka kwenye lami kavu, unapofunga breki uzito mwingi unakuja mbele, na tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Anayetegemea mguu peke yake anaburuza tairi la nyuma na lori bado linamjia. Breki ya mbele inakamuliwa kama titi la ng'ombe, kwa vidole, ikianza taratibu na kuongezeka. Kwenye tope mambo yanabadilika: ya mbele unaigusa kwa adabu sana, ya nyuma unaitumia zaidi, na mwendo unaupunguza mapema. Kumbuka kwamba kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kwenye makazi, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukishtuka sekunde moja tu kabla ya kugusa breki, mita 14 zimekwenda.

Halafu mteremko, na hapa nakuomba unisikilize kuliko kwingine kote. Toka Isongole kushuka Kiwira ni mrefu. Kuna tabia ya kutoa gia, chombo kishuke free, eti kuokoa mafuta. Usiifanye kamwe, hata ukimwona mwenye uzoefu wa miaka akiifanya. Breki ikibanwa mfululizo inapata moto na kulegea, hasa zile za ngoma ambazo pikipiki nyingi zinazo nyuma. Ingia gia ya pili au ya tatu ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, acha injini ikushike, breki uiguse na kuiachia. Kwenye ukungu washa taa ya chini. Ya juu inagonga ukungu na kukurudia machoni.

Mtihani sasa. Nadharia ni alama na kanuni: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamrisha. Nani apite kwanza kwenye kipilefti: aliye ndani, anayekujia kutoka kulia. Ishara za mikono zijue, indiketa huwa zinakufa. Kwa vitendo mkaguzi anaanza kukuangalia kabla hujapanda: kofia ngumu umeifunga mkanda au umeitundika tu kichwani? Umekagua tairi, taa, vioo? Umegeuka kutazama nyuma kabla ya kuondoka? Wanafunzi wengi ninaowaona wakirudishwa wanaangushwa na mambo mawili. La kwanza ni kutazama tairi la mbele kwenye namba nane. Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Ukitazama koni utaigonga, ukitazama mbele ya koni utaipita. La pili ni kusahau kuzima indiketa baada ya kona. Kwenye gari inajizima, kwenye pikipiki nyingi haijizimi, na aliye nyuma yako anaamini bado unakata kulia.

Ugani_Isongole:

Shikamoo mwalimu. Asante sana, ndaga fijo. Hilo la gia sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. Nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi: ni kweli, moja chini, zilizobaki juu. Kadi inasema sisi 125 na ushee. Kwa hiyo daraja A?

Bado urefu unanitia hofu, hasa kusimama kwenye kilima.

Mwalimu wa Soweto:

Marahaba mdogo wangu. Ushee huo umeshazidi 125, jaza A.

Muuguzi_Njombe:

Dada, la urefu niachie mimi. Naendesha kwenda kliniki za mkoba vijijini huku Njombe na urefu wangu ni wa kusimama mstari wa mbele shuleni. Acha kutaka miguu yote miwili ifike. Unahitaji mmoja. Ukikaribia kusimama, sogeza kiuno upande wa kushoto wa siti, mguu wa kushoto ushuke mzima mpaka kisigino, wa kulia ubaki juu ya breki. Kwenye kilima breki hiyo ndiyo inakushikilia: unaiachia pale tu unaposikia klachi imekamata na pikipiki inataka kwenda. Chagua mahali pa kusimama kabla hujafika. Tafuta upande wa kushoto ulioinuka kidogo, ukwepe shimo na mfereji. Mimi macho yangu yanatafuta hapo tangu mbali. Ofisi ikikubali, fundi wa siti anaweza kupunguza sponji kidogo.

Na mavazi. Suruali nzito, kitenge usijifunge juu yake, mnyororo unakivuta. Gambuti zetu za mvua ni pana mno, mguu hausikii gia. Tafuta buti ya kufunga kamba inayofunika kifundo. Glovu ununue hata kabla ya leseni. Asubuhi ya Juni vidole vikifa ganzi, breki ya mbele huna.

Mtukuyu_Leicester:

Wapendwa, mimi ni wa Tukuyu, naishi Leicester, Uingereza. Huku pia tunaendesha kushoto kama nyumbani, nami nilipita mafunzo yao ya mwanzo, CBT, ambayo ni ya lazima tangu 1990. Nimesoma maelezo ya mwalimu nikaona yanafanana mno. CBT ina sehemu tano: maelezo na macho yako kupimwa, kuifahamu pikipiki, kuiendesha uwanjani, mazungumzo kuhusu barabara kabla ya kutoka, na mwisho barabara yenyewe kwa muda usiopungua saa mbili, mwalimu akiwa na wanafunzi wasiozidi wawili, akikuelekeza kwa redio ndani ya kofia. Hapo hakuna mkaguzi. Mwalimu akiona hujaiva anakuambia urudi tena. Ukipita unapata cheti cha miaka miwili: unaendesha na kibao cha L cha mwanafunzi, bila abiria, bila kuingia barabara kuu za mwendo kasi. Kijana wa miaka 17 anaishia kwenye sisi 125.

Leseni kamili inataka nadharia ya maswali 50, upate angalau 43, pamoja na video za kutambua hatari, kisha vitendo mara mbili, uwanjani na barabarani. Uwanjani kuna kufunga breki ya dharura na kukwepa kizuizi, yote mawili kwa mwendo usiopungua kilomita 50 kwa saa. Kuna kitu walinifundisha nakitumia kila siku: kabla ya kukata kona au kubadili upande, kioo hakitoshi, geuza kidevu juu ya bega utazame. Kioo hakimwonyeshi yule ambaye tayari yuko ubavuni.

Mwalimu wa Soweto:

Ndugu wa Leicester, umenisaidia sana. Kutazama juu ya bega nafundisha, ila hiyo ya kukwepa kizuizi kwenye 50 sijawahi kuwapa wanafunzi wa mwanzo. Nitaianza kwa mwendo wa 20, koni laini, nipandishe polepole.

Ugani, muuguzi amemaliza la urefu, sina cha kuongeza isipokuwa ukajizoeze kilima kwanza bila bomba la dawa. Baadaye tutalifunga likiwa na maji nusu, kisha limejaa, kwa sababu maji yakicheza kwenye kona yanakuvuta. Nalifanya hilo hata kama halimo kwenye mtihani.

Ukija chuo chochote cha huku Mbeya, pikipiki usiiendeshe mwenyewe kuja nayo. Mwombe mwenye leseni ya daraja A aishushe mpaka Uyole, wewe panda daladala.

Ugani_Isongole:

Sawa mwalimu. Dereva wa halmashauri ana A, nimemwomba, kakubali kuileta Jumamosi. Buti na glovu natafuta Mwanjelwa siku hiyohiyo.